Aya ya Pili

Karanga za stendi ya Igunga huuzwa kwenye karatasi iliyokunjwa mfano wa pembe, na karatasi yenyewe mara nyingi ni ya daftari la mwanafunzi. Nawe unazijua. Unazila taratibu, unafika chini ambako chumvi imejikusanya, na kwa kuwa basi bado halijaondoka, unaikunjua karatasi na kusoma kazi ya mtoto wa watu. Yangu safari hii ilikuwa insha yenye kichwa "Mifugo Yetu". Ukurasa mzima bila kupumua: ng'ombe, babu, mvua iliyochelewa, mbwa aliyeumwa na nyoka, faida za maziwa, halafu ng'ombe tena. Chini yake mwalimu alikuwa amepiga vema moja kubwa ya wino mwekundu na kuandika "Vizuri".

Nilikasirika hadi mama aliyeniuzia akaniuliza dirishani, "Zimeungua, dada?"

"Hapana, mama. Karanga ni nzuri. Huyu aliyeandika ndiye hajafundishwa."

Alinitazama kama anayetazama mgonjwa, akasogea dirisha la pili.

Nikwambie ukweli, insha ile haikuwa na kosa kubwa la kunipandisha presha. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, nimesoma mabaya zaidi ya hayo na bado nikala chakula cha mchana. Kilichoniudhi ni Igunga. Kwa miaka mingi basi likisimama pale mimi hufumba macho na kujifanya nimelala mpaka tuondoke. Safari hii njaa ilinishinda, nikafumbua macho, na nikaletewa karatasi ile mkononi. Nikaikunja tena, nikaitia kwenye pochi. Nilikuwa naelekea Puge, kuifunga nyumba ya marehemu mama, na njia nzima kutoka Igunga hadi Nzega, na kutoka Nzega hadi nyumbani, nilikuwa nikimfikiria mtu mmoja tu, yule mwalimu aliyenifundisha aya.

Shule yetu ilikaa pembeni ya barabara iendayo Tabora mjini. Wazee walituambia kuwa tawi moja la njia ya zamani ya misafara lilipita palepale, likielekea ziwani, na kwamba babu zetu walikuwa wapagazi waliotembea hadi pwani na kurudi. Sisi watoto hatukujali. Tulijali matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo tulijaza mifukoni tukivitafuna hadi taya zinauma. Tulijali msimu wa tumbaku, kwa sababu moshi wa mabani, vile vibanda vya kukaushia majani yake, ulikuwa ukishuka shuleni asubuhi, mtamu na mzito, na madaftari yetu yote yakanuka moshi huo mwaka mzima. Hata leo nikipita karibu na bani lililowashwa nahisi nina kipindi cha Kiswahili.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa Mnyamwezi wa hapohapo, mrefu, mwenye suruali moja ya kahawia iliyopigwa pasi hadi ikang'aa magotini. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi. Alitusimulia kuwa mzee huyo alizikwa na shimo begani, pale mzigo ulipokuwa unakaa. Walimu wenzake walimcheka chinichini kwa hadithi hizo. Lakini siku moja alituambia kila mtu aje kesho na mzigo kutoka nyumbani na kamba moja, na kesho yake shule nzima ilisimama kutazama.

Msichana niliyekaa naye dawati moja alileta kila alichokiona: kuni, sufuria, kandambili za kaka yake na kuku aliye hai, vyote ndani ya kamba moja. Mwalimu akamwambia avipeleke kichwani hadi mlingoti wa bendera na kurudi. Hakufika nusu. Kandambili zilitangulia, sufuria ikafuata kwa kishindo, kuku akakimbilia ofisi ya mwalimu mkuu, na sisi tukacheka mpaka tukakaa chini.

"Hiyo ndiyo insha yako ya wiki iliyopita," mwalimu akamwambia, bila kucheka.

Kisha akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ile, akatufundisha. Alitenga kuni peke yake, akaviringa kitambaa kuwa ngata ya kuweka kichwani, akafunga, akakaza fundo. Sentensi ya kwanza ni ngata, alisema, ndiyo inayokaa kichwani kwa msomaji kabla ya mzigo kushuka. Sentensi za katikati ni kuni zenyewe, na zote ziwe kuni. Ya mwisho ni fundo. Mpagazi hakuchanganya chumvi na mafuta. Akikutana na mtu njiani akaulizwa amebeba nini, alijibu kwa neno moja. Na mzigo ukishafungwa usiufungue katikati ya safari ili uongeze kitu. Ukikumbuka kitu kingine, tafuta kamba nyingine, huo ni mzigo mwingine.

Kuanzia siku hiyo hakutupa tena alama za namba kwenye insha. Aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Umebeba nini?" Ukiweza kumjibu kwa neno moja, umepona. Ukishindwa, unarudia. Niliichukia sentensi ile kuliko viboko, na sasa naiandika mwenyewe mara mia kwa wiki.

Lakini mwalimu hakuwa msahihishaji pekee. Nyumbani kwake, ile nyumba ya pili kati ya nyumba za walimu, alilala mkewe. Tulimwita mama mwalimu. Alikuwa amepooza upande mmoja, mkono na mguu, na mdomo wake ulikuwa umevutwa kidogo, ila akili yake ilikuwa kali kuliko yetu sote. Mimi ndiye niliyepewa zamu ya kuwapelekea maji kila siku baada ya masomo, kwa sababu kwetu kulikuwa karibu na kisima. Nikishusha ndoo, aliniita ndani. "Mayu, kaa." Mayu ni mama, na kwetu hata mtoto wa kike anayependwa huitwa hivyo. Hakuna mtu nje ya nyumba yetu aliyewahi kuniita hivyo isipokuwa yeye. Chumba kilinukia dawa ya kuchua na asali, maana ndugu zake wa porini walimletea asali ya mizinga ya magome, naye alinipunguzia njaa kwa kijiko kimoja kila jioni.

Hapo ndipo mwalimu alipoleta madaftari yetu. Alikaa kwenye kigoda na kumsomea mkewe aya moja moja kwa sauti, naye akasikiliza akiwa amefumba macho. Ikiisha, alisema kwa sentensi moja aya ile ilihusu nini. "Kuku wao hatagi." "Bibi yake anapenda kugombana." Akiweza, mwalimu alilifunga daftari na kuliweka upande wa waliofaulu. Akinyamaza au akasema, "Huyu sijui anataka nini," mwandishi alikuwa ameumia. Ninajua haya kwa kuwa niliyaona, nikiwa na asali mdomoni. Kwa hiyo usije ukadhani kwamba sikujua lolote.

Mama mwalimu hakuweza kujigeuza. Asiyeweza kujigeuza huchubuka ngozi, na ngozi ikichubuka kidonda hakiponi upesi. Kwa hiyo mwalimu alikuwa akitoka darasani saa nne, na tena saa sita, akienda kumgeuza na kumnywesha uji. Shule ilijua. Kijiji kilijua. Mke wa mwalimu mkuu alikuwa akipeleka uji huo mwenyewe siku za gulio. Lilikuwa jambo la kawaida kama kengele, na mama yangu alinikataza kabisa kulizungumza nje, maana ya kitandani kwa mgonjwa hayatangazwi.

Basi mwalimu akatupa zoezi: andika aya moja kuhusu jambo unaloliona kila siku. Moja tu, mambo ya kuunga aya ya kwanza na ya pili tutajifunza wiki ijayo. Wenzangu waliandika juu ya jua na ng'ombe. Mimi nilitaka kuwa hodari. Nilitaka mama mwalimu atabasamu na nusu ile ya mdomo na kusema, huyu amebeba kitu. Nikaandika hivi, na sijaisahau hata nukta:

"Mwalimu wetu hutoka darasani mara mbili kila siku. Saa nne huweka chaki mezani, hufunga kitabu na kuondoka. Sisi hubaki tukinakili yaliyo ubaoni. Saa sita hutoka tena, na akirudi kengele huwa imekaribia kulia. Hata siku ya mtihani wa majaribio alitoka. Ndiyo maana darasa letu limezoea kukaa bila mwalimu."

Tazama ilivyofungwa. Ngata, kuni, fundo. Hakuna kuku ndani yake. Anakokwenda mwalimu ulikuwa mzigo mwingine, nami niliuhifadhi kwa ajili ya wiki inayofuata.

Wiki inayofuata, kabla ya kipindi hicho, alikuja mkaguzi. Alifika asubuhi kwa pikipiki, kofia ngumu kwapani, akakaa nyuma ya darasa letu kwenye dawati la watoto, magoti yakimfika kifuani. Mwalimu alifundisha vizuri ajabu siku ile. Saa nne ilipofika alitazama mlango. Hakutoka. Nilimwona akitazama mlango tena, na tena, na jasho likimtiririka shingoni, na sauti yake ikaanza kukatika katikati ya maneno. Mkaguzi aliandika kwenye kitabu chake. Kisha akasimama na kuomba madaftari, akachagua matatu yaliyokuwa safi zaidi. Langu lilikuwa na jalada la gazeti, lisilo na doa.

Alisoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti, aya yote, darasa zima likisikia. Mwalimu alikuwa amesimama ubaoni na chaki mkononi.

"Nani ameandika hii?"

Nikasimama.

"Ni kweli haya?"

"Kweli, mzee."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Huwa anakwenda wapi?"

Nimeirudia sekunde ile maisha yangu yote. Msichana wa dawati langu alinikanyaga mguu. Mwalimu mkuu, aliyekuwa mlangoni, alikohoa. Mwalimu wangu hakutazama chini, alinitazama mimi, na usoni mwake sikuona hasira. Alikuwa akisubiri, kama alivyosubiri kila siku mtu ajibu swali ubaoni. Na mimi, mjinga niliyefundishwa vizuri, nikajibu kwa sauti ya kufaulu:

"Hiyo ni aya ya pili, mzee."

Mkaguzi alicheka kicheko kikubwa cha mtu aliyeridhika. "Huyu mtoto ana kichwa!" akasema, na akanipa kalamu yake ya wino wa bluu, yenye kifuniko cha kung'aa. Hakuuliza tena. Mwalimu naye hakusema neno. Nimejiuliza kwa nini hakusema, na jibu ninalokubali mpaka leo ni kwamba hakutaka kumleta mkewe pale mbele ya watoto arobaini na mgeni mwenye kofia. Pengine alijieleza ofisini baadaye. Kama alijieleza, haikumsaidia. Mwalimu mkuu alipoulizwa, alisema hana taarifa rasmi. Hilo neno, taarifa rasmi, lilizunguka kijiji kizima siku ile, na mke wake aliyekuwa akibeba bakuli la uji kulipeleka nyumba ya pili alilisikia kama tulivyolisikia sisi. Kamati ya shule ilikutana, ikanyamaza. Baba yangu alikuwa mjumbe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, wao walikuwa na ndevu, na hakuna hata mmoja aliyetembea hatua mia moja kumwambia mkaguzi njoo uone. Nimewasamehe? Hapana. Lakini hasira hiyo hainitoshi kujifichia, maana aliyeulizwa swali ni mimi.

Barua ya uhamisho ilikuja kabla pamba haijaisha mashambani. Alipelekwa kijiji cha mbali huko upande wa Igunga, shule isiyo na nyumba ya mwalimu karibu. Siku ya kuhama, lori la pamba lililokuwa likienda huko lilikubali kuwachukua. Mwalimu alifunga vitu vyake kama alivyotufundisha: vyombo peke yake, vitabu peke yake, nguo peke yake, kila mzigo na kamba yake. Watu walikuja kusaidia kupakia. Walikuja wengi sana siku ile, wakibeba kwa bidii, wakisema pole mwalimu, safari njema mwalimu.

Nami nilipeleka ndoo ya maji kama kawaida, ingawa hakukuwa na mtungi wa kuyamimina. Mama mwalimu alikuwa bado ndani, kwenye godoro, akisubiri kubebwa mwisho. Akaniita.

"Mayu. Alinisomea aya yako."

Nikapiga magoti. Sikuweza kumtazama.

"Nimeielewa yote," akasema polepole, kwa kuwa mdomo wake haukumruhusu kusema haraka. "Mwalimu hutoka darasani." Kisha akauliza, "Ya pili iko wapi?"

"Sijaiandika, mama."

Nilitamani anitukane. Nilitamani alie. Alisema tu, "Haya," kisha akaniomba nimgeuze ukutani. Sikuwahi kumgeuza kabla ya siku ile. Nilishika bega na nyonga kama nilivyomwona mwalimu akifanya, nikavuta. Alikuwa mwepesi kuliko ndoo niliyokuja nayo.

Aliyenisimulia yaliyofuata ni jirani yetu, aliyekuwa na dada aliyeolewa huko. Mwalimu alipanga chumba mbali na shule, mwendo wa saa nzima kwa miguu, na huko hakuthubutu tena kutoka darasani. Mama mwalimu alipata vidonda mgongoni. Alipelekwa Tabora mjini, akalazwa hospitali ya Kitete, lakini alifikishwa akiwa amechelewa mno, na hakuiona mvua ya mwaka ule. Mwalimu aliendelea kufundisha huko huko hadi alipostaafu. Wanasema aliacha kutumia mizigo na kamba. Aliandika ubaoni, watoto wakanakili, akapiga vema. Alifariki miaka michache baadaye, na nilipata habari nikiwa chuoni, nikijifunza namna ya kufundisha aya.

Kalamu ile niliitumia kwenye mtihani wa darasa la saba. Insha yangu ilikuwa nzuri, niliondoka kijijini kwa mgongo wake. Wanafunzi wangu wa sasa hunakili kutoka kwenye simu, wananiletea ukurasa usio na mlango wala dirisha, na nikiwaambia waje na mizigo na kamba wanadhani mwalimu kachanganyikiwa. Wanakuja navyo hata hivyo. Lakini kuna jambo moja wanalonung'unikia kila mwaka: kwangu hakuna zoezi la aya moja. Ukileta moja, nakurudishia daftari. Hawajui sababu, na sijawahi kuwaambia.

Nilifika Puge mchana. Nyumba ya mama ilikuwa na vumbi la miezi. Nilitembea hadi shuleni. Madarasa yamepakwa rangi mpya, mlingoti ni wa chuma sasa, na barabara ya wapagazi ina lami, pikipiki zinapita juu yake zikipiga honi bila sababu. Nyumba ya pili ya walimu imebomoka. Ukuta mmoja umebaki, ule aliokuwa akigeuziwa mama mwalimu, na mtu ameanika nsansa juu ya mawe ya msingi, majani ya kunde yanayokaushwa kuwa mboga ya kiangazi. Mwalimu kijana aliyenikuta pale aliniamkia shikamoo na kuniuliza kama natafuta mtu. Nikasema hapana. Nilimtajia mwalimu wangu. Hakuwahi kumsikia, na kwa nini amsikie, hakuna daftari hata moja lililoandikwa habari zake isipokuwa lile langu, na lile lilimhukumu.

Nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye kigoda cha mama, nikaitoa karatasi ya karanga. Nyuma ya "Mifugo Yetu" hapakuwa na maandishi. Ilikuwa na mafuta, wino ulikataa mahali pengine, nikarudia herufi. Niliandika kwa maneno ya mtoto wa darasa la sita, kwa sababu yeye ndiye aliyeulizwa. Nilipomaliza niliisoma kwa sauti katika nyumba tupu, kisha nikasubiri mtu aniambie kwa sentensi moja imebeba nini. Hivi ndivyo ilivyo:

"Mwalimu wetu hutoka darasani kwenda kumgeuza mke wake. Mama mwalimu amepooza upande mmoja na hawezi kujigeuza, na asipogeuzwa ngozi yake huchubuka. Mwalimu humgeuza, humnywesha uji, humpangusa mdomo, kisha hurudi akikimbia. Hatujawahi kukosa somo hata moja kwa sababu hiyo. Watu wote wa hapa wanalijua jambo hili. Hata mimi nalijua, maana ndiye ninayewapelekea maji."